Tanzia ya Bi Sidi

Jumatatu, 8 Septemba

Tanzia tano leo. Nimezisoma runingani mwisho wa taarifa ya habari ya saa moja jioni, kama kawaida. Jina, mtoto wa nani, ameacha nani, anazikwa wapi, saa ngapi. Mmoja wa Likoni, wawili wa Kisauni, wawili wa Mariakani. Jirani yangu hapa Utange hataki nilitaje jina lake hata kwa salamu, eti nitamtia mkosi. Namwita "wewe" tu.

Watu husema siku hizi kuna simu. Simu zipo, ila nani ana namba za ukoo mzima? Mama yangu alijua kifo cha kaka yake kwa tanzia, akawahi kumtupia mchanga. Hilo silisahau. Ndiyo maana nazisoma polepole.

Asubuhi kikao. Wale wa kituo cha Magongo wametupita tena kwa watazamaji. Wao huchomeka shindano lao la dansi katikati ya habari: mafuriko, halafu vijana wanakata viuno, halafu bei ya unga. Sisi huku Kiembeni tulikuwa tukiwacheka. Bwana Faraj, mkuu wetu, hacheki tena. Tamthilia yetu mpya, Mlango wa Uani, inaanza Jumapili, na anataka iingie ndani ya habari. Sikupenda alivyonitazama.

Jumanne, 9 Septemba

Sasa najua alinitazamia nini. Kanipa karatasi. Ni tanzia. "Bi Sidi Charo, mkazi wa Kiembeni, ameaga dunia ghafla. Ameacha watoto wanne na siri moja. Matanga yako nyumbani kwake, nyumba ya lango la buluu. Mengine Jumapili saa mbili usiku, hapa hapa."

Hakuna Bi Sidi. Ni mtu wa kwenye tamthilia. Anakufa sehemu ya kwanza, na nyumba ya lango la buluu ndipo wanapopigia picha.

Nikakataa. Nikamwambia wapo akina Sidi Charo tele kutoka hapa hadi Kaloleni. Akacheka. "Kadzo dadangu, wallahi ni tangazo tu. Hilo neno la siri si litawaambia?" Niliposhikilia, akaacha kucheka. Akasema basi tanzia zote zitaondolewa, dakika zile apewe mtu mwingine aziuze. Nimerudi nyumbani na hasira hadi chakula kimenishinda.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeisoma.

Nimejidanganya kwamba naokoa tanzia nyingine. Niliiweka ya mwisho, nikaisoma haraka, na neno "siri" nikaliruka. Nililiona aibu kulitamka baada ya maiti wa kweli. Bwana Faraj hakugundua. Nilidhani nimeipunguza ubaya.

Alhamisi, 11 Septemba

Mjinga ni mimi. Lile neno ndilo pekee lingewaonya.

Watu wamekuja. Saa nne asubuhi Njeri wa matangazo kanipigia simu, sauti juu: "Dada Kadzo, kuja uone, watu wamejaa hapa gate na mchele!" Nikaenda hadi kwenye lango la buluu. Akina mama wa kanisa wamevaa leso zao za sare. Mwingine kabeba sukari. Wanaume wawili wanauliza kaburi linachimbwa wapi, wamekuja na majembe yao. Kila mmoja alikuwa na Sidi Charo wake.

Mbaya zaidi ni bibi mmoja kutoka Kaloleni, Mama Kabibi. Kaja na kuku. Sidi wake walikua pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, kisha huyo Sidi akahamia Mombasa wakapoteana. Alikuwa amekaa chini kwenye ngazi analia kilio chetu cha kwetu, kile cha kumtaja marehemu sifa zake moja moja. Wapiga picha wetu wakamzunguka. Nikawaambia waache. Hawakuacha.

Nikachutama, nikamwambia mimi ni nani, na kwamba hakuna aliyekufa. Akauliza, "Sasa mwanangu, mimi nimemlilia nani?" Akamchukua kuku wake akaondoka. Sikumpa hata nauli. Nimekumbuka alipokwisha kupanda gari.

Ijumaa, 12 Septemba

Wale wa Magongo wamefungua taarifa yao kwa habari yetu. Njia ya mwongo ni fupi, wakasema, wakaonyesha lango la buluu na wanaume wenye majembe. Wakamaliza na kauli yao mpya: kwetu tanzia ni tanzia. Papo hapo wakaingia kwenye shindano la dansi.

Bwana Faraj amefurahi. Mji mzima unatutaja. Jioni kilio cha Mama Kabibi kimerushwa ndani ya habari, na maandishi chini: "Wakazi wamlilia Bi Sidi. Kwa nini? Jumapili." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha msomaji, namwona kwenye skrini ya pembeni. Kisha taa ya kamera ikawaka nikatabasamu. Najichukia kwa tabasamu lile.

Jumapili, 14 Septemba

Mlango wa Uani imeanza. Sikutazama. Mtaa mzima ulitazama, nilisikia kutoka kila dirisha.

Jumanne, 16 Septemba

Tanzia tatu. Nilipomaliza, simu za studio zikalia. Wa kwanza anauliza huyu wa Mtongwe ni sehemu ya ngapi. Wa pili anacheka. Wa tatu ni binti wa marehemu wa Mtongwe, analia, anasema shangazi zake wamegoma kuja.

Nimeomba turuhusiwe kuomba radhi hewani. Bwana Faraj anasema radhi itaua tamthilia. Maji yakimwagika hayazoleki, kasema, kana kwamba aliyeyamwaga ni mwingine. Kweli, aliyeyamwaga ni mimi pia.

Jumatano, 17 Septemba

Jefwa, fundi wa kuchomelea milango hapa kwetu Utange, kaja mlangoni kabla sijanywa chai. Mama yake kafariki jana. Mama Jefwa namjua. Alikuwa akiniuzia mchicha, akinipunja na kunichekesha. Atazikwa Jumamosi kwenye kiwanja cha Jefwa, lakini ndugu wote wako Kaloleni, na wengi hana namba zao.

"Shikamoo. Nimekuja kwa ile kazi yako," akasema. Karatasi kaikunja vizuri.

Nimeisoma leo polepole kuliko zote. Saa mbili Jefwa kanipigia. Binamu yake mmoja mwenye simu kamtumia ujumbe: vile vichwa vya manjano vya kucheka, na swali kama na huyu ana siri. Jefwa hakunilaumu. Kasema, "Hata mimi ningecheka." Afadhali angenitukana.

Jumamosi ni mtondo. Sijui nifanye nini.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimefanya.

Kwanza nilikwenda mochari na Jefwa. Nilitaka kumwona kwa macho yangu. Nikamwona. Kisha nikavuka mji mzima hadi Magongo, kwa maadui, na ile karatasi kwenye pochi.

Mhariri wao, ambaye pia husoma habari, ni Zawadi. Tulifanya kazi pamoja zamani. Alipohamia kwao niliacha kumsalimia, ndivyo tunavyofundishwa Kiembeni. Alinipokea vizuri, akanipa maji. Nikamwambia: isome wewe, kwako wataamini. Akaisoma. Kisha akasema, "Nitaiweka, dadangu. Ila uisome wewe mwenyewe, uso wako, kwenye kiti changu."

Nikaelewa. Nao wanataka kuuza. Msomaji wa Kiembeni kwenye skrini ya Magongo, hilo halijawahi kuonekana. Nilimwomba asome mtu wao, jina langu lisitajwe. Akakataa. Hakuwa mkali, alikuwa na uhakika tu. Nikafikiria kazi yangu. Sina nyingine. Nikafikiria kiwanja cha Jefwa bila watu.

Kule Kiembeni nikatuma ujumbe kwamba naumwa. Saa moja jioni nikakaa kwenye kiti chake. Nikasoma tanzia yote. Halafu nikaongeza ambayo hayakuandikwa: kwamba Bi Sidi wa lango la buluu hakuwepo, kwamba niliyeisoma ile ni mimi, nilijua ni uongo na nikaisoma. Kwamba huyu wa leo nimemwona, nimemshika mkono, umepoa. Tafadhali njooni mmzike.

Niliposimama nikaona maandishi waliyokuwa wamepitisha chini yangu muda wote: kwetu tanzia ni tanzia. Nyuma yangu muziki wa dansi ukaanza.

Ijumaa, 19 Septemba

Bwana Faraj hakupiga simu. Kamtuma Njeri aniletee vitu vyangu: kikombe, viatu vya studio, kamusi. Njeri hakuweza kunitazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Pole, dada. Mimi ndiye niliiandika ile." Nikamwambia kuandika ni nusu, nusu nyingine ni kuisoma.

Tanzia zimeondolewa Kiembeni. Mahali pake wameweka dakika tatu za waigizaji. Kwa hiyo hata kile nilichodai nakiokoa kimekwenda.

Nina hofu. Nimefagia nyumba mara mbili.

Jumamosi, 20 Septemba

Asubuhi watu walikuwa wachache, majirani tu na mchungaji. Jefwa alikuwa akiangalia barabara kila mara. Nilikaa nyuma kwenye mkeka, sikutaka kuonekana.

Saa tano lori likaingia kutoka Kaloleni. Limejaa. Wajomba, shangazi, yule binamu wa vichwa vya kucheka, kichwa kainamisha. Wa mwisho kushushwa, akishikwa mikono miwili, ni Mama Kabibi. Mama Jefwa alikuwa mtu wa kijiji chake. Safari hii hakuja na kuku.

Wengine walianza kulia tangu langoni. Yeye hakulia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jeneza, akamwambia mchungaji, "Nifungulie nione kwanza."

Likafunguliwa. Akainama, akatazama kwa makini, akampapasa marehemu shavu. Watu wote walimngoja.

Ndipo akaanza kulia.

Baadaye aliniona. Alisogea akakaa kwenye mkeka wangu. Tulikula wali pamoja kwenye sinia moja. Saa moja jioni ilipita bila mimi kuiangalia saa.