Viatu Vikubwa kwa Kidole Kimoja

Tarehe 3 Februari

Baba, shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Mjukuu wako Chiriku wamempima damu: ni saratani ya damu. Tumelazwa.

Nilimuuliza daktari kama chanzo ni kile kisukari changu cha mimba. Akasema wataalamu wameona hatari huongezeka kidogo, ila wengi wa watoto wa mama wenye kisukari hicho hawaugui, na kwa huyu mmoja hakuna awezaye kusema. Nimeshika lile "kidogo", Baba. Haliniachi.

Mwanao

Tarehe 20 Februari

Binti yangu, marahaba. Mgongo upo, unataka heshima tu. Mwandiko usiucheke, kalamu si sindano ya viatu. Sikiliza: mji huu hakuna fundi viatu kama mimi, hata anayenichukia analeta soli kwangu. Kiatu kikipasuka, mvaaji hulaumu uzi, muuza uzi hulaumu ngozi. Mimi bingwa husema sijui. Daktari kasema hajui, wewe umejuaje? Ulijidunga sindano za insulini mimba nzima, chai ukanywa bila sukari. Nichoree unyayo wa Chiriku nimshonee.

Baba yako

Tarehe 9 Aprili

Baba, shikamoo. Unyayo huu hapa. Haujakua tangu mwaka jana. Mshonee saizi ileile, ni vya kukaa navyo kitandani tu. Nywele zimekwisha, na maneno yake pia.

Mwanao

Tarehe 30 Aprili

Marahaba, mama. Nimekataa. Sijawahi kushona kiatu cha kurudi nyuma, nikaanzie kwa mjukuu wangu? Nimeongeza kidole kizima. Weka pamba mbele. Na usililie ngozi yangu, itakakamaa.

Baba yako, bingwa

Tarehe 15 Agosti

Binti yangu, hamjambo huko? Kimya chako kimenizidi nguvu, na mimi sijazidiwa na mtu. Kama viatu vimekuudhi, vitupe, uniandikie umevitupa. Pikipiki ya posta ikilia natoka mbio na kiatu cha mteja mkononi. Wananicheka. Kama Chiriku... hapa kalamu imegoma. Andika, mama.

Baba

Tarehe 2 Desemba

Baba, shikamoo. Vipi mgongo? Sikuwa na cha kuandika. Dawa zilimlaza kuliko ugonjwa. Bado tuko wodini. Jana alitembea mwenyewe mpaka bombani, akinigombeza kuwa kamba za viatu vyako nafunga ovyo, Babu ndiye anayejua.

Leo asubuhi nimepunguza pamba.

Mwanao