Chupa Zote za Bibi Harusi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaihama nyumba yangu. Mimi ni mtaalamu wa mifugo, na kazi yetu siku hizi ni kuzunguka mazizini kupima damu ya ng'ombe, tunatafuta kirusi kinachowaletea saratani, sasa ilipofika zamu ya zizi la mama mkwe nikawaambia wenzangu hili niachieni mimi, nikavaa koti jeupe, mama mkwe akaita majirani waje wamwone mkwe wake, na ng'ombe wa kwanza akanipiga teke nikaangukia mavi, majirani wakacheka mpaka wakashikana mabega, mama mkwe akasema, "Pole baba, huyo hapendi wageni," na wa pili naye hakupenda wageni, ila kulikuwa na mmoja mpole wanamwita Bibi Harusi, huyo alisimama tu akicheua, basi majirani walipoondoka nikajaza chupa zote kwa damu yake, nikaziandika namba za wenzake. Majibu yametoka: zizi zima lina kirusi! Mama mkwe analia tangu juzi, amemwita mchinjaji aje Jumamosi awachukue wote, na mke wangu ananiambia, "Mume wangu, bila wewe tusingejua." Nifanyeje?

Mkwe Mtaalamu

Mkwe Mtaalamu, hongera. Wengine huharibu kazi kwa uzembe, wewe umeiharibu kwa maringo, tena ndani ya koti jeupe. Ili majirani wasikucheke mara ya tatu, ukaona bora zizi zima lichinjwe. Kweli una aibu.

Teke la ng'ombe si mchezo, hapo nakuonea huruma. Lakini mama wa watu analia, na wewe umekaa unapokea shukrani? Acha hizo.

Nenda kwa mama mkwe leo hii, na usimtume mke wako. Mwambie, "Mama, nilidanganya, nilipima ng'ombe mmoja tu." Atakutukana, nyamaza. Kisha mpigie simu mchinjaji, halafu bosi wako. Rudini zizini wengi, kila ng'ombe afungwe kamba na atolewe damu kwa sindano yake mpya, maana kirusi hicho huambukizwa kwa damu. Majirani wakija kucheka, wape viti.

Na kuna jambo hukuliona, mtaalamu. Waliokupiga teke huenda wote ni wazima. Mwenye kirusi kwa hakika ni Bibi Harusi, aliyesimama kimya akakuamini. Siku ya kumtenga na wenzake, kamba yake uishike wewe.