Kifaru Chako Kimechujuka Upande wa Dirisha

Mdogo wangu Njeru,

Wewe ni mjinga, na uzee haukupi ruhusa. Wanja, mwanangu, msomee baba yako kwa sauti, na mahali nimemtukana usiruke.

Nimesikia umemfukuza muuguzi wa macho getini. Nimesikia pia uliweka chumvi kwenye chai ukidhani ni sukari, ukainywa yote ili usiulizwe. Daktari wa hapa Embu anasema huyo ni mtoto wa jicho, anatolewa, na mtu anarudi kwake akiona. Wewe unajibu eti, "Macho yangu yamemaliza kazi." Nani alikwambia?

Mimi nayajua hayo macho tangu kabla hayajajua kusoma. Wakati wa Emajensi ya Waingereza, tulipofungiwa kwenye kile kijiji kilichozungushiwa mtaro, baba yuko kizuizini, mama anashinda akichimba kwa amri, si mimi nilibaki na wewe? Ulichonga kifaru cha vita kwa mti wa muringa, kidogo kama kiatu cha mtoto. Minyororo yake uliikata kwenye akala kuukuu za baba, vile viatu vya tairi. Ulikuwa unaiga picha kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi, na ile picha haikuwa na rangi. Nikakwambia paka nyekundu yote, inapendeza. Ukaniangalia kama mbuzi amesema.

"Dada, kifaru hakipakwi kipendeze. Kinapakwa kipotee."

Ukakaa mlangoni ukitazama ng'ambo ya mtaro, chakula kikapoa. Ukasema kijani cha migomba si kijani cha mahindi, na kwamba chini ya majani kuna weusi unaoelekea buluu. Mimi niliona kilima tu.

Udongo mwekundu tulikuwa nao, masizi ya sufuria na majivu pia. Kijani ndicho kilichotutesa. Tulisaga majani ya maboga, rangi tamu kabisa, lakini ilipokauka ikawa kahawia kama ugoro. Ulilia mpaka kamasi. Ndipo ukaona buluu ya mama ya kufulia, na yai la kuku wetu, yule mmoja tuliyebaki naye. Ukakoroga buluu na kiini. Kijani! Nami nikakutafunia vijiti vya kupakia mpaka ncha zikawa nyuzi na ufizi ukatoka damu. Na shukrani yako? "Usinyooshe mstari, dada! Msituni nani ananyoosha mstari?"

Mama akarudi na jembe, akauliza yai. Nilishakunja mgongo ningoje fimbo. Wewe ukamshika mkono, ukampeleka kwenye maboga nyuma ya nyumba.

"Mama, kitafute."

Akainama, akapita, akarudi, nusura akikanyage. Kisha akacheka. Njeru, tangu baba achukuliwe hatukuwa tumesikia kile kicheko. Akaketi pale pale na matope yake. "Yai langu liko wapi sasa? Hata mimi silioni!"

Kifaru ninacho, juu ya kabati. Upande wa dirisha umechujuka, mpaka mbao inaonekana. Wajukuu wanataka kuninunulia rangi ya duka. Nimekataa. Buluu ipo sokoni, kuku ninao wa kutosha, lakini ule weusi wa chini ya majani sikuwahi kuuona, na wewe peke yako ndiye unayeujua.

Sema tu unaogopa. Unaogopa watoe bandeji na giza libaki palepale. Hata mimi naogopa, jana niliunguza sufuria nzima ya githeri nikiwaza hayo. Lakini usione haya kuongozwa. Mama aliongozwa na mtoto, akacheka. Wewe utashikwa mkono na dada yako, na ukinung'unika nitaufinya.

Basi sikia. Jumatatu uwe Embu. Wanja akunyoe ndevu, usijinyoe mwenyewe ukaniletea uso wa majeraha. Nitakuwa stejini, basi linaposimama. Vijiti nimeshakata, ila mimi meno ya kutafuna sina tena, kwa hivyo njoo na yako.

Dada yako mkubwa