Nimeiongezea Namba ya Simu Nafasi ya Mshono

Mshauri wetu mpendwa, naomba unishike mkono maana nimeshika pabaya. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi wa programu za simu, na huu ni mwezi wa nane anatengeneza programu ya kutunza vipimo vya wateja, kazi ameiacha kwa ajili yake, na kwa kuwa bado haijatolewa kwa watu akataka kwanza aijaribu kwenye simu yangu, akaniambia mke wangu, nipe namba ya utambulisho ya simu yako, ile ambayo hakuna simu nyingine duniani inayo, bila hiyo programu haitakubali kuingia. Nikachomeka simu kwenye kompyuta alivyonielekeza, nikabofya mpaka ikatokea, ndefu kama foleni ya maji, herufi na tarakimu zimechanganyika, nikaiandika kwenye daftari langu la vipimo, nikampa.

Programu ikagoma. Wiki tatu anaifumua na kuianza upya, amekonda, anaongea na kompyuta, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia mbele ya wifi yangu, "Baba, kubali tu, hii kazi si yako." Basi jana nafungua daftari nikate gauni la mteja, nakuta chini ya ile namba nimepiga mstari mwekundu. Mshauri, mstari mwekundu kwangu una maana moja tu: nafasi ya mshono, ile inchi moja ninayoongeza kwenye kila kipimo, imeshaongezwa! Mkono umezoea, kila tarakimu nimeiongezea moja, mbili ikawa tatu, saba ikawa nane, na ole wangu tisa haikuwemo, ingekuwemo ningeandika kumi na kosa lingejulikana siku ileile. Jumatatu anarudi kwa bosi wake wa zamani, yule aliyemwita Bwana Ndoto mbele ya ofisi nzima, barua ya kuomba arudishwe iko mezani. Nimefikiria niitumbukize simu kwenye ndoo ya maji, ninunue nyingine, nitoe namba mpya, yaishe kimyakimya. Nifanye hivyo?

Fundi Mstari Mwekundu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, kwanza iondoe hiyo simu karibu na ndoo. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini, kisha nikamkumbuka mumeo, kicheko kikakatika. Wiki tatu mtu anatafuta kosa kwenye kazi yake, kumbe limelala kwenye daftari lako! Na wewe umelijua tangu jana, badala ya kumkimbilia yeye unaniandikia mimi. Kosa la mkono nakusamehe, mama. La mdomo ndilo limenikera.

Leo hiihii chomeka simu, itoe namba, inakili hukohuko kwenye kompyuta na umtumie kama ilivyo. Kalamu usiiguse! Halafu mwonyeshe daftari. Atafoka, na ana haki ya kufoka. Usithubutu kumwambia kwamba hata yeye alipaswa kukagua, ingawa kweli alipaswa. Akimaliza, mpigie wifi yako, weka sauti kubwa mumeo asikie, useme: "Kosa lilikuwa langu, kazi ya kaka yako haina kasoro."

Programu ikishaingia, mwulize kama bado anataka kwenda Jumatatu. Akisema hapana, ichane ile barua. Akisema ndiyo, ujue aliyemvunja moyo si bosi wala kompyuta, ni wewe. Basi funga cherehani, ukae naye.