Magunia juu ya Paa la Harambee

Pioneer, Eldoret

Dada yangu Wakesho,

Nakusalimu kutoka kitandani, maana siku hizi hata kiti kinanichosha. Magoti yako yanaendeleaje? Na mvua ya Wundanyi imewaachia chochote shambani? Mimi kifua kinakoroma kama birika. Daktari ameacha kunidanganya, nami nimeacha kumwuliza. Krismasi sitafika nyumbani. Nafikiri umekwisha kujua. Lakini mkono bado unashika kalamu, kwa hiyo nikuambie jambo moja kabla hujalisikia kwenye mazishi yangu likiwa limepakwa asali.

Ukumbi wa kanisa letu ulijengwa kwa harambee. Asiyekuwa na fedha alileta mbao, na jina lake likaandikwa kwenye mbao hizo kwa rangi nyekundu ili mgeni wa heshima alisome, watu wapige makofi. Hakuna aliyeuliza kama mbao zimekauka. Zawadi ya harambee hairudishwi. Zilipigiliwa misumari zikiwa bado zinatoa maji. Mbao chache nzuri za mwerezi ziliwekwa juu ya jukwaa, ambako hakuna dari na mgeni angeziona. Zilizobaki wakazifunika kwa dari nyeupe. Wakati huo nilikuwa bado kazini, nikikagua majengo ya watu wengine.

Mwaka huu mwenyekiti wa kamati, ambaye pia ni mkubwa wa chama hapa mtaani, aliletewa mashine mbili kuukuu kutoka hoteli moja ya Nairobi. Zinapoza hewa na kuipasha joto, na kila moja ina uzito wa ng'ombe wa gredi mwenye mimba. Akataka zikae juu ya paa, katikati, juu ya pale kwaya inapokaa. Akaja kwangu nitie sahihi kwamba paa litazibeba.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, hapa tunalala na sweta. Hii baridi ya bure haikutoshi, unataka na ya hoteli?"

"Mzee Mwadime, hiyo mashine inatoa joto pia. Mgeni akija kufungua lazima ajue sisi si washamba. Wewe sign tu."

Sikutia sahihi. Nilipanda kwenye dari kwa ngazi, nikipumzika kila hatua kama mtoto anayejifunza kutembea, nikamulika kwa tochi. Mbao za saipras zilikuwa zimejipinda kama pembe za kondoo. Misumari ilikuwa imezipasua. Kulikuwa na kinyesi cha popo, na mtu alikuwa ameficha ufa mmoja kwa kuupaka chokaa. Kati ya fremu za mbao zinazobeba paa, mbovu kuliko zote ilikuwa ile ya katikati. Ubao wake mkubwa ulikuwa umepasuka karibu nusu, na juu yake niliweza kusoma vizuri jina la Mama Jepkosgei.

Huyu ni mjane wa huku Moiben. Alikuwa na mti mmoja tu mkubwa, uliopandwa na marehemu mumewe, akautoa. Kila Jumapili huniletea maziwa, kwa sababu anasema mtu wa mbali asiyekuwa na mke ni kama yatima.

Nilimweleza mwenyekiti nilichoona. Akacheka. "Ukikataa, kuna mtu Nakuru atasaini kabla ya chai. Na nitasema mzee wa Taita anapinga maendeleo." Unajua siku hizi maneno hayo yanampeleka mtu kizuizini. Mimi nisingefika mbali, nimekwisha kuchoka. Lakini mtu wa Nakuru angesaini kweli, na kwaya ingeketi pale.

Basi nikajifanya nimelainika. Nikasema nitasaini baada ya kulijaribu paa kwa magunia ya mahindi yenye uzito sawa na mashine. Wanakamati walifurahi, magunia huku hayakosekani. Nikamwomba mwenyekiti aketi chini ya paa, kwenye kiti cha mgeni.

"Mimi? Nina mkutano," akasema, akatoka nje wa kwanza. Mtu huyu alikuwa tayari kuwakalisha akina mama pale pale. Nilitamani kutema mate.

Watu wakapandisha magunia, nikawaambia wayapange juu ya fremu ya katikati. Kisha nikawateremsha wote, milango ikafungwa, na gunia la mwisho likavutwa kwa kamba kutoka nje. Lilipotua, ukumbi ulitoa sauti kama mtu anayekohoa. Katikati yote ikaanguka, mahindi yakamwagika hadi mlangoni.

Wanasema ilikuwa ajali, na kwamba mzee aliokoa watu. Dada, haikuwa ajali. Nilijua paa litaanguka, na nilijua jina lililoandikwa pale kabla gunia la kwanza halijapanda. Mwenyekiti ananichukiza, lakini mimi ndiye niliyelivunja.

Jumapili iliyopita Mama Jepkosgei alikuja. Aliweka kibuyu cha maziwa chini, hakuketi.

"Mzee, niambie tu. Ni mbao yangu ilivunjika?"

"Si yako, mama."

"Ashukuriwe Mungu! Nilikuwa silali. Basi mti yangu ilikuwa nguvu. Iko ingine ndogo pale nyuma ya boma, ya huyo huyo mzee wangu. Mwenyekiti anasema wataikata wiki hii, wapigilie mara moja."

Nikanywa maziwa yake. Ona uchafu wa ulimi wangu: kwa kumhurumia, nimemwacha atoe mti wa pili, nao utapanda juu ukiwa mbichi kama wa kwanza, na kwaya itaketi chini yake.

Msalimie shemeji, mwambie redio yake nimemtunzia. Msalimie mkwe wako anayekusomea barua hizi, asilie anaposoma. Wajukuu wote nawashika vichwa. Na kwenye mazishi mtu akisema niliokoa watu, wewe mkatize.

Nimemtuma jirani leo Moiben amwambie Mama Jepkosgei mti usikatwe, aje kwangu kwanza. Akija, nitamwambia ukweli kabla sijayagusa maziwa.

Ndugu yako,
Mwadime