Yule Dume Niliyembadilisha Sandukuni

Baba Ester wangu,

Nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu. Umelala kaburini kule Kumsenga mwaka wa tatu sasa, nami bado nalificha kana kwamba utarudi kuniuliza.

Unakumbuka yule nyoka mweupe mwenye macho mekundu? Vijana walimkuta kwenye shamba la mihogo, wakataka kumchoma. Ukamfunga ndani ya shati lako ukarudi kifua wazi, nami nikakasirikia shati. Hakuwa na sumu, alikuwa wa jamii ya wale wa kahawia wanaokula panya ghalani. Ukamtafutia jike la kahawia, ukangoja vitoto vyeupe. Vikatoka kumi na moja, vyote vya kahawia. Siku hiyo hukula.

Yule mwalimu mkimbizi kutoka Kongo, aliyekuwa akija kunywa chai kwetu, alikwambia, "Papa, ule weupe iko ndani ya damu yao. Changanya batoto, kaka na dada."

Ukaweka kikombe chini. "Kaka na dada? Ni umuziro huo, mwiko wa kwetu. Kwangu hata nyoka ana ndugu."

Vitoto vilipokua, mweupe akafa. Ulikuwa umechoka, ukikohoa, na bado ukapanda baiskeli mpaka Kakonko kutafuta dume asiye na undugu na watoto wa mweupe. Ukamweka sandukuni na binti mmoja wa mweupe, kisha ukaenda Kasulu msibani. Mimi sikuwa na imani na dume lako. Nilimtoa nikamwachia porini, nikamweka kaka wa yule binti, kama mwalimu alivyosema. Wote walikuwa wa kahawia, na macho yako yalishaanza kufifia. Hukujua.

Mayai yalipopasuka, wawili walikuwa weupe. Ulipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Jumapili ukasimama kanisani kushuhudia kwamba Mungu humjibu anayeshika mwiko. Watu wakacheka kwa sababu ni nyoka, wewe ukalia. Nilikaa benchi la akina mama nikitazama kanga yangu.

Hata sasa wanakuja kunipa mkono, wanasema mume wangu alikuwa mtu wa imani. Naitikia. Ningekwambia ukiwa hai, ungewaua wale wawili kwa mikono yako, na nisingeweza kukutazama ukifanya hivyo.

Hukujibiwa, Baba Ester. Nilikuonea huruma tu, na mpaka ulipoaga dunia sikuweza tena kusema amina kwenye maombi yako.

Nisamehe, kama huko wanasamehe.

Mkeo,
Mama Ester