Cheo Kilichopigiwa Vigelegele Kabla Sijakikubali

Bunju, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake, umwambie nimeiandika kwa heshima zote, maana najua atauliza. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Tukuyu? Usinijibu "tunaendelea vizuri" kama unavyonijibu kwenye simu. Nataka kujua kama unalivaa lile sweta nililokutumia au umelifungia kabatini linasubiri sikukuu. Mimi ni mzima, isipokuwa joto la huku linanitoa jasho, na watoto wa darasa langu wameniambukiza mafua yao yote.

Najua barua imekushangaza wakati simu ipo. Lakini Baba, sisi kwenye simu hatuwezi. Wewe unauliza nimekula nini, mimi nauliza mvua, halafu unampa Mama simu. Na hili nimeshindwa kulisema tangu siku ile uliponipigia baada ya kaka Ambokile kuweka video yangu ya kanisani kwenye grupu la familia. Ulisema, "Ahsante sana, mwanangu," ukanyamaza, nikawa nasikia unavyopumua, kisha ukampa Mama simu. Nilijua unalia. Sikuwa na moyo wa kukwambia kwamba ukuu wa shule mliokuwa mnaushangilia nilikuwa bado sijaukubali. Leo nakwambia, na la zaidi: nimeukataa.

Kaa vizuri nikueleze tangu mwanzo.

Bi Salma, mwenye shule yetu, unamfahamu kwa kumsikia. Familia yao ni Waarabu wa siku nyingi, wauza vyombo pale Tegeta, na shule hii ya Bunju aliijenga kidogo kidogo kutokana na duka. Sasa anafungua tawi Segerea. Aliniita ofisini, akanimiminia kahawa, akasema anataka mimi ndiye niwe mwalimu mkuu wa huko. Nikashukuru, nikatoka. Jirani yangu nilipomwambia nimeitwa Segerea aliuliza, "Umefanya nini tena?", kwa kuwa huku ukitaja Segerea watu wanawaza gereza. Tulicheka. Lakini nilipobaki peke yangu nikaona kwamba moyo umetulia tuli, haurukiruki hata kidogo, na hilo likanitisha.

Mkuu hafundishi, Baba. Shughuli yake ni ada, sare, magari ya shule, wakaguzi na wazazi waliokasirika. Wapo wanaoiweza kazi hiyo na kuipenda, na Mungu awabariki. Mimi nilijiuliza wiki nzima ninachokitaka ni nini hasa, na kila nikijiuliza nilisikia sauti za watu wengine zikijibu. Ya kwanza ilikuwa yako.

Jumamosi asubuhi tukakutana jumuiya, nyumbani kwa mwenyekiti wetu, Mama Noela, muuza mbao. Utaratibu unaujua: baada ya neno, kila mtu anataja hitaji lake. Nikasema, "Kazini nimeambiwa niwe mwalimu mkuu. Naomba mniombee, Mungu anionyeshe njia." Hapo ndipo nilipokosea. Hapa mjini hakuna anayemsumbua Mungu kwa kumuuliza kama apande cheo au asipande. Walichosikia wenzangu ni kwamba nimepata. Mama Noela akafunga sala kwa kushukuru sana, nami nikadhani ni uchangamfu wake wa kila siku.

Kesho yake kanisani, wakati wa matangazo, jumuiya yetu ikaitwa mbele kutoa shukrani kwa ajili ya mwenzao aliyeinuliwa. Kabla sijatambua mwenzao ni nani, nilishavutwa mkono. Wamevaa sare ya kitenge, wanacheza kuelekea madhabahuni, vigelegele kila upande, mmoja amebeba trei ya mayai, mwingine jogoo mwekundu, na mimi katikati kama bibi harusi aliyesahau jina la bwana. Ndiyo video mliyoiona. Ambokile ameandika chini yake kwamba nilikuwa nalia kwa furaha. Ni kweli, ila furaha yenyewe haikuwa ile anayoidhani.

Benchi la mbele alikaa Doreen, mtoto wa darasa langu. Huyu tangu mwaka uanze silabi zilikuwa zinamkimbia. Anakariri ukurasa mzima kwa kuwasikiliza wenzake, lakini ukifunika picha hajui pa kuanzia. Nimekaa naye mapumziko mengi, tukila mihogo yake na kuunganisha herufi, na mara nyingine nilikuwa narudi nyumbani nimekata tamaa. Basi mchungaji akasema tuinamishe vichwa tuombe. Kanisa zima likanyamaza. Doreen hakuinamisha. Alikuwa anaitazama nguzo iliyobandikwa tangazo, na midomo inacheza. Halafu akasoma kwa sauti: "Zi... ma. Si... mu." Akavuta pumzi, akapiga kelele, "Zima simu! Mama, pameandikwa zima simu!"

Nusu ya kanisa wakapapasa mikoba. Mama yake akamfinya. Mimi machozi yakanibubujika pale pale mbele ya madhabahu, na vigelegele vikaongezeka kwa kudhani nimeguswa na cheo. Baba, sijawahi kumshukuru Mungu kwa moyo kama siku ile, na nilikuwa nashukuru kwa tangazo la simu. Nilichokuwa nakitafuta wiki nzima nilikipata nikiwa nimesimama kwenye sherehe ya kitu nisichokitaka.

Baada ya ibada vile vitu vya shukrani vikapigwa mnada, kama kawaida. Ilipofika zamu ya jogoo nilipandisha bei mpaka watu wakanicheka, kwa sababu niliona haya aliwe kwa cheo kisichokuwepo. Yupo hapa uani, ananitazama ninavyoandika.

Jumatatu nikaenda kwa Bi Salma.

"Bi Salma, shikamoo. Nimekuja kuhusu Segerea. Naomba nisiende."

"Marahaba. Mshahara haukukuridhisha?"

"Sio mshahara. Mie nataka nibaki na darasa la kwanza asubuhi. Halafu mchana, hawa walimu wapya wa huku na wa Segerea, niwafundishe namna ya kumfundisha mtoto kusoma. Wengi wanawakaririsha tu."

Akavua miwani. "Wenzio wanapandaga, mwanangu, wewe waomba kubaki?"

"Naomba kazi ninayoiweza nikiwa nacheka, Bi Salma. Ile nyingine ningeifanya, lakini ningekuwa nanuna kila siku."

Akairudisha miwani machoni. Halafu akasema, "Mie nimekaa dukani tangu nilipoanza kuvaa ushungi, bado mtoto. Namjua mteja anayeshika sahani kwa sababu anaitaka, na namjua anayeishika kwa kunionea haya. Siku ile nilipokwambia Segerea, ulinionea haya tu. Nilikuwa nangoja uiweke chini mwenyewe."

Tumekubaliana nijaribu kwa muhula mmoja. Mshahara utasogea kidogo, si kama wa mkuu, na ofisi yenye jina langu mlangoni haipo. Nimetoka pale nikiimba, Baba, mlinzi wa getini akaniuliza kama nimeposwa.

Kazi ikabaki kwa jumuiya. Nilimfuata Mama Noela katikati ya mbao zake nikamweleza yote. Akashika kiuno.

"Sasa Mungu tutamwambiaje? Si tulishashukuru!"

"Sijui, Mama Noela. Nisameheni."

Akapangusa unga wa mbao mikononi. "Basi iache hukohuko shukrani yetu. Ataitumia kwa lingine. Ila jogoo usimle."

Kwa hiyo Mungu na Mama Noela nimemalizana nao. Umebaki wewe, na wewe ndiye niliyekuwa nakuogopa tangu mwanzo.

Nakumbuka kila alipoletwa mkuu mpya pale shuleni ulikofundisha, Mama alikuwa anapakua chakula kwa kugonganisha sufuria, na wewe unakula kimya. Tumekua tukijua kwamba Baba aliachwa, ukuu wakapewa wengine. Ndiyo maana nilitamani kukupelekea cheo hiki nyumbani, ukishike hata kwa mkono wangu. Lakini nakumbuka pia jioni nyingine, unaingia na chaki mfukoni mwa koti, unanawa mikono, unakaa, halafu unamwambia Mama, "Leo mmoja amefunguka." Ndivyo ulivyokuwa unasema mtoto akianza kusoma. Siku hizo ulikuwa unaomba chai ya pili na unatutania mpaka tunalala. Doreen aliposoma ile nguzo, neno lililonijia ni hilo lako.

Msalimie sana Mama, umwambie asigombane na Ambokile kwa ajili ya video, kaka yangu hakujua. Mwambie Ambokile aifute, au aiache ila afute yale maneno yake. Shangazi Tusekile, aliyenifunga mgongoni Mama alipokuwa mgonjwa, mwambie nitamletea kitenge mwenyewe shule zikifungwa. Na bibi wa jirani, anayeniulizia kila siku kama nimenenepa, mwambieni nimenenepa.

Sasa nina swali moja, na nakuuliza kama mwalimu anavyomuuliza mwalimu mwenzake, unisamehe kama nimevuka mpaka. Ule ukuu wa shule, Baba, uliutaka kweli? Au ulitaka tu siku moja waje wakuulize? Nijibu kwa mwandiko wako, usimpe Mama simu. Maana mimi wamekuja, wameniuliza vizuri, na kahawa wamenimiminia. Nilipokuwa najibu, nilikuona umeketi pembeni yangu na chaki yako mfukoni.

Ni mimi mwanao,
Tusajigwe,
mwalimu wa darasa la kwanza